UZI: Utumbo una walinzi wanaoonja minyoo. Nawaeleza wanavyofanya kazi, na kwa nini mjeledi anawasumbua

Mpimaji wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi Jumatatu niliweka slaidi ya mtoto wa miaka saba kwenye hadubini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kadi ya kliniki mkononi, na swali lake lilikuwa moja: "Dawa alimeza shuleni mwezi uliopita, mbona tumbo ni lile lile?" Sikuhitaji kutafuta sana. Mayai yale ukiyaona mara moja hutayasahau tena: rangi ya chai ya rangi, umbo la pipa dogo, na kila ncha ina kizibo kinachong'aa. Mnyoo mjeledi huyo. Nilihesabu mayai 31. Kwa wasioijua kazi yetu, slaidi ya Kato-Katz (njia yetu ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo) inabeba miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo tunazidisha kwa 24 kupata mayai katika gramu moja. Yakawa 744. Kwa vigezo vya WHO hayo bado ni maambukizi mepesi, kwa sababu kwa mjeledi ngazi ya kati inaanzia 1,000. Mama hakuona wepesi wowote, na sikumlaumu.

Nilimjibu nilivyoweza pale mlangoni. Jibu refu nimelileta huku, maana nimelisoma kwa miaka na sijawahi kuliona likielezwa kwa Kiswahili.

Wengi tunauchukulia utumbo kama bomba, na minyoo kama wapangaji waliojipenyeza wakati mwenye nyumba kalala. Mwenye nyumba hajalala. Ukuta wa ndani wa utumbo, ule unaogusana na chakula, ni tabaka moja tu la seli, na nyuma yake damu inapita. Seli hizo zinazaliwa chini kwenye vishimo vidogo sana, zinapanda taratibu kuelekea juu, na baada ya siku tatu hadi tano zinabanduka na kwenda na choo. Huo mwendo wa kupanda ushikeni, nitaurudia.

Seli nyingi za tabaka hilo kazi yake ni kufyonza chakula. Katikati yao kuna chache zenye kazi maalumu, na mbili ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu.

Moja ni seli kikombe. Imetuna kama kikombe na imejaa ute, na ndiyo inayopaka utumbo mzima ule utelezi wake.

Ya pili ni seli ya kishungi. Ilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1956: juu yake ina shungi la vinywele vigumu vinavyochungulia ndani ya utumbo. Kwa panya wa maabara mwenye afya ni kama seli moja katika kila mia. Wataalamu waliiona, wakaichora, wakaipa jina, kisha ikapita miaka 60 kazi yake utumboni ikiwa haijajulikana. Dokezo lilikuwepo muda wote: ndani yake kuna protini zile zile ambazo ulimi unazitumia kuonja uchungu na utamu. Sasa chakula kimeshamezwa, utumbo unaonja nini tena?

Jibu lilikuja mwaka 2016 kutoka sehemu tatu karibu kwa mpigo: kundi la Wendy Garrett kule Harvard, la Richard Locksley San Francisco, na la Philippe Jay mjini Montpellier, Ufaransa. Kishungi kinaonja wageni. Kikimwonja mnyoo, kinatoa ujumbe wa kikemikali uitwao intaleukini 25. Chini ya ukuta kuna askari wa kinga ambao hawahitaji kumjua adui kwanza ndipo wafanye kazi. Wakiupata ujumbe huo, nao wanatoa wa kwao, intaleukini 13. Huo wa 13 unashuka hadi kwenye vishimo, kwenye seli shina zinazozaa seli nyingine zote, na kuziagiza: kuanzia sasa zaeni vishungi na vikombe kwa wingi. Vishungi vikiongezeka, ujumbe wa 25 nao unaongezeka, na mzunguko unakolea. Ndani ya wiki moja hivi, ukuta uliokuwa na mlinzi mmoja hapa na mwingine kule unakuwa umejaa walinzi.

Montpellier walitumia panya walioondolewa jeni ya Pou2f3, ambayo bila hiyo kishungi hakizaliwi. Waliwaambukiza Nippostrongylus, mnyoo wa panya mwenye safari kama ya safura wetu: anapenya ngozini, anapita mapafuni, anashuka utumboni. Panya wa kawaida anawatoa kwa siku kama kumi. Wale wasio na vishungi walibaki nao.

Nimesema "anawatoa" makusudi. Mnyoo ni mkubwa mno kwa seli nyeupe kummeza kama wanavyomezwa bakteria. Safura anafika sentimita moja, mjeledi tatu hadi tano, na yule wa mviringo, chango kubwa, anaweza kupita sentimita 30. Kwa hiyo mwili unachagua kumtelezesha: ute unamwagika, maji yanaongezeka, misuli ya utumbo inabana kwa nguvu kuliko kawaida, mnyoo anakosa pa kushika. Vikombe navyo vinatoa protini nyingine pamoja na ute, mojawapo inaitwa RELM-beta, na hiyo inamvuruga mnyoo asiweze kula vizuri.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti wa PCB

Asante sana mkuu, huku kwenye vitabu vyetu vya A-level seli kikombe ipo, hiyo ya kishungi haipo kabisa. Naomba kuuliza, kinaonja nini hasa kwa mnyoo? Ulimi unaonja sukari au chumvi. Mnyoo ana ladha gani?

---

Mpimaji wa Pwani

Swali zuri mdogo wangu, na wenyewe bado wanalichimba.

Kitu cha kwanza kilichojulikana vizuri ni saksineti. Utaikumbuka kwenye mzunguko wa Krebs. Ni taka ambayo baadhi ya viumbe huimwaga wakati wa kutengeneza nishati bila oksijeni. Mwaka 2018 makundi kadhaa yalionyesha kwamba kishungi kina kipokezi chake. Panya wakiwekewa saksineti kwenye maji ya kunywa, vishungi vinaongezeka utumboni hata kama hakuna kimelea hata mmoja.

Kule Harvard mambo yalianza kwa namna iliyonifurahisha kama mtu wa maabara. Waliona panya waliozaliwa kwenye banda lao wana vishungi vingi kuliko panya walionunuliwa kwa mfugaji wa nje, wakati ukoo ni ule ule. Mtu mvivu angesema ni bahati mbaya ya vipimo. Wao walifuatilia, wakakuta panya wa banda lao wanaishi na kiumbe cha seli moja kiitwacho Tritrichomonas, na kiumbe hicho kinamwaga saksineti.

Ila usiishie hapo, mtihani ukikuuliza. Panya waliokosa kipokezi cha saksineti bado waliweza kuwatoa Nippostrongylus. Maana yake kwa mnyoo yule kishungi kina njia nyingine ya kumtambua.

---

Mzee Kigoda

Uzi umetulia. Lakini mimi naona panya, panya, panya. Mimi si panya. Kwa binadamu kuna nini?

---

Mpimaji wa Pwani

Haki yako kuuliza mzee wangu. Majaribio ya kumlisha mtu mnyoo na kumwondolea jeni hayafanyiki kwa binadamu, na yasifanyike. Lakini seli hizi tunazo. Mwaka 2024 maabara ya Hans Clevers kule Utrecht, Uholanzi, ilitoa kazi waliyoifanya kwa vipande vidogo vya utumbo wa binadamu vilivyooteshwa kwenye vyombo, wanaviita oganoidi. Wakaviwekea intaleukini 13 na ndugu yake wa 4, vishungi vikaongezeka, sawa na panya. Kisha wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa: kishungi kimoja cha binadamu kikitengwa peke yake kinaweza kuotesha kipande kizima kipya cha utumbo. Yaani mlinzi huyo ni akiba ya mbegu pia.

---

Bi Msuka Ukili

Assalaam aleikum wote. Mie niko Pemba. Hayo mapipa yenye vizibo na mie nimeonyeshwa, walipokuja kupima skuli ya wanangu. Kwetu dawa watoto wanapewa miaka mingi, na kweli zile chango kubwa zimepungua, zamani mtoto alikuwa akizitapika. Lakini huyo mjeledi kila wakipima yupo. Mwanangu ni mbishi, vidonge anatafuna mbele yangu. Kwani huyu ana nini?

---

Mpimaji wa Pwani

Waaleikum salaam, mama. Hapa ndipo penye moyo wa uzi, na umesema wewe kabla yangu.

Kwanza, anavyokaa. Chango kubwa anaogelea tu ndani ya utumbo, hajashika popote. Safura anauma ukuta kwa mdomo na kunyonya damu. Mjeledi yuko tofauti na wote wawili. Ukimweka kwenye kisahani utaona sehemu ya nyuma ni nene kama mpini, na ya mbele ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Huo uzi wote wa mbele ameutia *ndani* ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Anatoboa handaki kutoka seli hadi seli, anaziunganisha, na kichwa kinaishi mle. Kilichoning'inia nje ni mpini peke yake. Wewe uliyesuka ukili unajua: kung'oa mwaa uliokwisha kupitishwa ndani ya msuko si sawa na kuokota uliolala tu juu ya mkeka.

Albendazole ya kidonge kimoja, miligramu 400, inamwondoa chango kubwa vizuri sana. Kwa mjeledi dozi hiyo moja ni dhaifu, na hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi, zikiwemo zilizofanyika hapo hapo Pemba kwenye maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake. Ndiyo maana siku hizi wanajaribu kuchanganya albendazole na ivermectin. Pemba ilikuwa moja ya vituo vitatu vya jaribio hilo, pamoja na Côte d'Ivoire na Laos. Kwa hiyo mwanao hajakosea kitu, wala wewe.

Sasa rudini kwenye ule mwendo wa kupanda niliosema muushike. Mwaka 2005 watafiti wa Manchester, kwenye kundi la Richard Grencis, walionyesha kwamba panya wanaofanikiwa kumtoa mjeledi wanafanya jambo moja la ajabu: wanaongeza kasi ya kuzaa seli za ukuta. Mnyoo amechimba handaki kwenye seli, sawa, lakini seli zenyewe zinapanda. Zikipanda haraka zinambeba naye, mpaka anafikishwa juu zinapobandukia, anaangukia nje. Ni kama mtu aliyejificha ndani ya gunia, watu wakalibeba gunia lenyewe. Anayeongeza kasi hiyo ni intaleukini 13, ile ile niliyoieleza juu.

Jambo la pili kutoka Manchester, mwaka 2011. Ute wa kawaida wa utumbo umejengwa na protini iitwayo Muc2. Mjeledi anajua kuimega, anatema vimeng'enya vinavyoikata, ute ukawa maji maji. Lakini panya anayeshinda anabadilisha ute. Vikombe vyake vinaanza kutoa Muc5ac, ambayo kwa kawaida inakaa tumboni kwenye mfuko wa chakula na kwenye njia ya hewa, si kwenye utumbo mpana. Walipomwondolea panya jeni ya Muc5ac, alishindwa kuwatoa mjeledi ingawa kinga yake nyingine yote ilikuwa imeamka vizuri. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikakaa kimya kidogo. Miaka yote nilikuwa nauona ute kwenye choo kama uchafu unaonisumbua kusoma slaidi.

---

Dereva wa Masafa

Sasa mkuu mbona inapingana? Kama mwili una vishungi, vikombe, ngazi ya kupandisha, basi watu wasingekuwa na minyoo. WHO wenyewe wanasema watu bilioni 1.5 duniani wana minyoo hii ya udongo. Walinzi gani hao?

---

Mpimaji wa Pwani

Ndugu yangu, haipingani, na sababu zipo zaidi ya moja.

Idadi ya mayai unayoyameza kwa mkupuo ina maana kubwa. Panya wa kawaida ukimpa mayai mengi ya mjeledi kwa mara moja, kinga inaamka kwa upande sahihi na kuwatoa. Ukimpa machache, inaamka kwa upande usiofaa, ule unaofaa zaidi kwa vijidudu vidogo sana vinavyoishi vizima ndani ya seli, na minyoo wanabaki. Sasa fikiria mtoto wa kijijini. Hamezi mayai mia tano siku moja. Anameza mawili leo kwenye embe la kuokota, moja keshokutwa kwenye kucha. Anaingia kwenye ule upande usiofaa. Watafiti waliwapa panya mayai kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na hao wakaja kujenga kinga, lakini polepole. Hilo linafanana na tunachokiona kwenye vituo: mjeledi na chango kubwa wanajaa zaidi kwa watoto wa umri wa shule, kisha wanapungua ukubwani. Safura hafuati njia hiyo, yeye hata watu wazima anawajaa, hasa wakulima.

Mnyoo naye hakai akingoja. Kuna mnyoo wa panya, Heligmosomoides, anayetema protini zinazozima ujumbe wa hatari utumboni, na vitu anavyovitema vinafanya vishungi visiongezeke. Viumbe hawa wameishi na matumbo yetu muda mrefu mno, wameusoma mlango.

Halafu chakula. Kujenga ukuta mpya kila siku chache, kumwaga ute, kuzaa walinzi, vyote vinataka protini. Mtoto anayekula ugali na mchicha mwaka mzima anaomba utumbo ujenge kwa matofali ambayo hayapo. Kwa panya imeonekana wazi kwamba akinyimwa protini anachelewa kuwatoa minyoo. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu safura mwenyewe anamnyang'anya mtoto damu. Aina ya Ancylostoma mmoja anaweza kumpotezea mtu hadi mililita 0.2 kwa siku. Zidisha kwa minyoo hamsini.

---

Slaidi Safi

Mwanataaluma mwenzako hapa, nikiwa upande wa Kwale. Naongeza moja kwa wanaopeleka watoto kupima. Yai la safura lina ganda jembamba sana, na kwenye Kato-Katz gliserini inaliyeyusha. Slaidi inatakiwa isomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kituo nilichoanzia kazi, tulikuwa tunaandaa slaidi asubuhi na kusoma baada ya chakula cha mchana. Mjeledi na chango tunawaona, safura hakuna. Tuliandika "hakuna" kwa watoto waliokuwa na viganja vyeupe kama karatasi. Nilipoelewa tulichokuwa tunakosea nilikuwa nimeshasaini majibu ya miezi minne. Siku hizi nasoma kila slaidi saa yake.

---

Mpimaji wa Pwani

Ahsante kwa kulisema hadharani, mwenzangu. Na sisi tulishawahi. Mkipeleka choo, ulizeni kwa heshima slaidi inasomwa saa ngapi.

---

Mama Wawili

Mimi yangu mawili. Mbegu za papai zinasaidia? Na pili, nimesikia mtu mwenye minyoo hapati pumu. Ni kweli?

---

Mpimaji wa Pwani

Dada, mbegu za papai: upo utafiti mdogo wa Nigeria uliochapishwa 2007, watoto 60, nusu walipewa mbegu zilizokaushwa zikachanganywa na asali, na wengi wao vimelea walipungua. Watoto 60 ni wachache. Usiziache dawa za kituo kwa sababu ya mbegu. Na albendazole yenyewe ina utaratibu: mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi kwenye zoezi la kumeza kwa pamoja, wa mwaka mmoja hadi kabla ya miwili anapewa nusu, na mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asimeze.

Pumu: undugu wake ni kwamba intaleukini 13 inayofukuza minyoo utumboni ndiyo hiyo hiyo inayojaza makohozi kwenye kifua cha mwenye pumu. Vishungi vipo pia puani na kwenye njia ya hewa. Ni silaha moja, imeelekezwa pengine. Lakini usimwachie mtoto minyoo kwa kudhani unamkinga na pumu. Buu la chango kubwa linapopita mapafuni, lenyewe linaleta kikohozi na kubanwa.

---

Bi Msuka Ukili

Na yule mtoto wa Jumatatu ikawaje?

---

Mpimaji wa Pwani

(Wiki nne baadaye. Samahanini kwa kuchelewa, nilitaka nije na jibu.)

Daktari alimwandikia mebendazole miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku tatu badala ya kidonge kimoja, na mama akaambiwa aongeze dagaa na maharage kwenye sahani yake. Leo wamerudi. Slaidi ina mayai matano. Mara 24, 120.

Mama akaomba achungulie mwenyewe. Nikamsogezea kiti, nikamwekea yai moja katikati ya duara la mwanga. Aliangalia kwa muda mrefu, akauliza kama lile yai likianguka chini leo mtoto mwingine anaweza kulipata leo. Nikamwambia hapana, yai la mjeledi linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli wiki mbili hadi nne ndipo kinyoo cha ndani kikomae. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Kisha akasema nyuma ya nyumba yao kuna mgomba ambao watoto wote wa mtaa huenda haja chini yake, na hapo ndipo na wanapochezea kombolela.

Ameondoka na miadi ya kupima wengine watatu Alhamisi. Nimeshaandaa vikombe.